Mtoto Aliyefunga Akiwa Tumboni

Mie sikusomea. Nalisema mapema ili asije mtu akanidai cheti katikati ya maneno. Niliingia kliniki ya wajawazito huko Temeke, enzi za Mwingereza, kwa kazi ya kufagia. Mwaka wa pili ulivyofika nilikuwa nafagia, nachemsha vyombo, naita majina, nawapanga akina mama foleni na kuwagombeza. Hilo la mwisho halikuwa kwenye kazi yangu, nililiongeza mwenyewe.

Kusoma nilijifunzia kwenye makopo ya maziwa na kadi za kliniki. Kusikiliza moyo wa mtoto nilijifunza kwa wizi. Nesi wetu, Bi Hidaya, alikuwa na kipembe cha mti, mdomo mpana unaukandamiza kwenye tumbo la mama, mdomo mwembamba unautia sikioni. Yeye akienda kusali adhuhuri, mie nakichukua, namsikiliza yeyote aliye karibu. Nilimsikiliza mbuzi wa jirani, alikuwa na mimba kweli. Nilimsikiliza mlinzi wetu, mzee mwenye kitambi, nikamwambia mapigo yapo mazuri ila mtoto amekaa vibaya. Wiki nzima hakunisemesha.

Nyie mnaosomea ukunga sasa mna mashine. Mnapaka uteute, mnaweka kidude, moyo wa mtoto unasikika hadi barabarani. Vizuri, siwaonei wivu, au nawaonea kidogo. Lakini mashine haiulizi. Kuuliza ni kazi yenu, na wengi mnauliza ovyo, nimewasikia kwa masikio yangu nilivyompeleka mjukuu wangu. "Mama, mtoto anacheza?" Hilo ndilo swali? Mwanamke amekaa na mkwewe ubavuni, atakujibu nini? Atasema anacheza, alhamdulillahi, kama anavyosema salama na nyumba inawaka moto. Bi Hidaya alinipiga marufuku swali hilo. Alinifundisha hivi: muulize mara ya mwisho amekugusa saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini. Hapo atafikiri. Akifikiri sana, mshike mkono umlete ndani, foleni itangoja.

Kosa langu mie nitalitaja mara moja. Alikuja mama mmoja kutoka Keko, mimba imekomaa, akaniambia mlangoni kwamba mtoto amepoa. Bi Hidaya alikuwa anazalisha. Mie, mwenye ufagio, nikamjibu kwa kujiamini kabisa: wakikaribia kuzaliwa wanatulia, nafasi inakuwa finyu, nenda kapumzike. Nililisikia hilo kwenye foleni, nikaliona la kisomi. Akashukuru akaenda. Alirudi baada ya siku mbili. Bi Hidaya alimsikiliza muda mrefu mpaka nikatamani kumnyang'anya kile kipembe nikasikilize mwenyewe, nikasikie kitu. Hapakuwa na kitu. Alimshika yule mama mikono yote miwili ndipo akamwambia.

Walikuja wakubwa kuuliza nani alimrudisha mgonjwa nyumbani. Bi Hidaya akajibu, "Kliniki ni yangu." Basi. Hakunitaja, hata kwa jicho. Walivyoondoka akanikalisha chini.

"Mwajuma, mtoto haachi kucheza kwa sababu siku zimekaribia. Anaweza kubadili namna ya kugeuka, lakini haachi. Akipungua kuliko ilivyo kawaida yake, anatuambia jambo. Na siku ya kumsikiliza ni ileile. Kesho si siku."

Tangu hapo, anayemsema vibaya Bi Hidaya alikuwa na kesi na mimi. Mwanamke mmoja alisema nesi anaringa, nikamwagia beseni la maji, kanga na ukaya vyote. Sijutii. Yalikuwa safi.

Sasa niwaambie kisa cha Zuhura, maana ndiko nilikojifunza kwamba hasira nzuri ni ile unayoimeza.

Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa umeingia, anaishi Mtoni kwa mama mkwe wake, Bi Mwanahawa. Mumewe baharia, yuko kwenye meli, hajui lolote. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Siku ya kliniki Zuhura hakuja. Binti huyu hajawahi kukosa, hata mvua ya masika alikuja amejifunika mkeka. Bi Hidaya akaniambia nenda kamwangalie, usigombane na mtu. Nikaenda, na kipembe nimekichomeka kwenye kanga, bila ruhusa.

Nafika naona wanawake wamejipanga nje ya nyumba, wameshika sahani za tende na chupa za marashi. Moyo ukanipasuka, nikajua msiba. Nikaanza kulia palepale. Mama mmoja akaniuliza nalia nini, nikasema namlilia Zuhura. Akanishangaa. Akaniambia Zuhura mzima, watu wamekuja kumwamkia mtoto.

"Kashazaa?"

"Bado. Ndiyo maana tumepanga foleni, ndani hakuna nafasi."

Nikasukuma nikaingia. Zuhura amekalishwa kitandani juu ya mito minne kama bibi arusi, tumbo limefunikwa kanga mpya, chetezo cha udi kinafuka miguuni. Bi Mwanahawa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anaingiza wageni watatu watatu. Anayeingia analiinamia tumbo, anasema shikamoo. Vikongwe wenye meno mawili wanaliamkia tumbo shikamoo. Na tumbo likikaa kimya, Bi Mwanahawa analiitikia marahaba.

Nikauliza kuna nini. Bi Mwanahawa akanieleza kwa upole, kama mtu aliyezoea kuulizwa. Tangu Ramadhani ianze, mtoto ameacha kurusha mateke mchana. Anatulia tangu alfajiri, jua likizama anacheza. Maana yake nini? Anafunga. Mwanzoni hata yeye hakuamini, lakini amehesabu siku kwa siku, mtoto hajala hata siku moja. Zuhura naye akaona aibu, mtoto afunge mama ale? Akaanza kufunga, huku kakonda shingo. Kisha lilivyoingia kumi la mwisho, mtoto akaacha mateke hata baada ya futari.

"Hapo mkafanyaje?" nikauliza.

"Tukafurahi," akasema. "Amekaa itikafu."

Kwa asiyejua, itikafu ni mtu kujifungia msikitini siku za mwisho za Ramadhani, haongei na watu, yuko kwenye ibada tu. Bi Mwanahawa alishaona kila kitu. Msikiti ni tumbo. Mjukuu wake mwanamume, jina ameshampa, na kanzu imeshonwa, iko ukutani kwenye msumari, ndogo kama mfuko wa kahawa. Nikauliza nani kathibitisha mambo haya. Akasema Maalim Kombo, mwalimu wa chuo cha Kurani pale nyuma.

Nikamwendea Zuhura. Nikajifanya namtengeneza mto, nikamuuliza sikioni lile swali. Mara ya mwisho saa ngapi? Hakufikiri hata kidogo.

"Jana alasiri, dada. Nilikuwa napepeta mchele. Akanigusa kidogo kama anayeaga. Tangu hapo hamna. Nikisema, mama ananiambia nisimsumbue mtu na ibada yake."

Nikatoa kipembe. Nikasikiliza. Nikasikia dum, dum, dum, safi kabisa! Nikainua kichwa, nusura nipige kigelegele. Halafu nikakumbuka kitu, na hiki kiandikeni, nyie mnaosoma. Bi Hidaya hakusikilizagi tumbo bila kushika kifundo cha mkono cha mama. Nikamshika Zuhura mkono. Dum mkononi, dum tumboni, pamoja, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Nilikuwa namsikiliza Zuhura mwenyewe. Nikahamisha kipembe, nikahamisha tena. Upande wa kushoto nikahisi kitu mbali sana, au labda ni njaa yangu mwenyewe, maana nami nilikuwa nimefunga. Sikujua. Na mtu asiyejua hana ruhusa ya kumwambia mama mtoto mzima. Hata angekuwa na uhakika, kipembe cha nyumbani hakitoshi kumrudishia mtu usingizi. Anayesema mtoto amepungua anapelekwa kituoni, akapimwe na anayejua.

Basi hapo nikafanya alichonikataza Bi Hidaya. Niligombana. Niliwaambia wote ni wajinga, wanamwamkia mtoto anayewaomba msaada. Nilimwambia Bi Mwanahawa maneno ambayo hata leo siyataji, na mfungo wangu wa siku ile nililipa baadaye. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akainuka akachukua ufagio. Mie mfagiaji niliyebobea nikatolewa nje kwa ufagio, na foleni nzima ikanizomea.

Nikakimbilia chuoni. Maalim Kombo alikuwa kazungukwa na watoto na mbao zao. Nikamwuliza mbele yao, bila hata salamu, kama kweli amesema mtoto wa Zuhura anafunga.

Maalim alikuwa mtu wa taratibu. Akafunga kitabu, akanitazama.

"Bi Mwanahawa alikuja akaniambia mjukuu wake anafunga. Nikasema mashaallah. Nina wajukuu wake wanane humu, nikajua mmoja wao."

Nikamweleza yuko wapi huyo mjukuu. Maalim akainuka. Kisha akasema aliye tumboni hana saumu, hana sala, na mama yake akimhofia amepewa ruhusa ya kula, hilo hata watoto hawa wanalijua. Watoto wakaitikia wanalijua. Akavaa viatu vyake, akaja na mimi.

Nikajua tumeshinda. Hatukushinda chochote. Maalim alisema mlangoni yote aliyoniambia chuoni, kwa upole na kwa dalili za vitabuni. Bi Mwanahawa akamsikiliza kwa heshima zote, akamjibu, "Wewe Maalim umesoma, nami sikupingi. Lakini mie nimezaa kumi na mmoja, na huyu si kama wale." Na foleni ikasema kweli. Akamwomba Maalim aingie amwamkie mtoto kabla hajaondoka.

Nikamtazama vizuri yule bibi kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametangaza Mtoni nzima. Watu walikuwa wametoka hadi Kinondoni kwa miguu kuja kuliona tumbo. Angewaambia nini leo, kwamba alikosea? Nikaona nikibishana naye mpaka magharibi nitakuwa nimepata haki yangu, na Zuhura atakuwa bado amekaa kwenye ile mito. Mie haja yangu ilikuwa Zuhura afike kwa Bi Hidaya. Ukweli ungefuata baadaye, kwa miguu yake.

Nikaimeza hasira. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele ya tumbo la Zuhura, nikasema, "Shikamoo, sharifu."

Nikamgeukia Bi Mwanahawa, nikamwomba radhi, nikasema nilikuwa kipofu. Ila nina swali, bibi yangu. Mtu mtukufu namna hii atazaliwa humu, kwenye chumba ambacho kuku anapita chini ya kitanda? Kule kliniki kuna shuka nyeupe. Na nesi wetu ana kipembe, atatuambia sharifu amefika juzuu ya ngapi ya Kurani.

Maalim Kombo akaanza kutazama ukucha wa kidole chake.

Bi Mwanahawa akamtazama yule kuku. Akafikiri. Akasema sawa, lakini sharifu hatembei kwa miguu.

Nikatoka mbio. Barabarani lilikuwa linapita gari la mikate la Bwana Gulamu, Mhindi wa Kishia aliyekuwa na tanuri pale karibu. Baba yake alizaliwa Dar, yeye alizaliwa Dar, na kwa Kiswahili cha matusi alikuwa hana mpinzani. Nikasimama katikati ya barabara. Akasimamisha gari, akanitukana kwanza, akaomba toba kwa sababu amefunga, ndipo akaniuliza nataka nini. Nikamwambia kuna mama, mtoto wake hachezi tangu jana. Hakuuliza la pili. Alifungua mlango wa nyuma, akaanza kusukuma trei za mikate kando.

Tukamweka Zuhura katikati ya mikate. Ilikuwa imetoka tanuri muda uleule, na wote tuliokuwemo tumefunga isipokuwa Zuhura, ambaye Maalim alimkatia mkate mmoja kwa mkono wake na kumwambia kula, mwanangu, hii ni amri. Bi Mwanahawa akapanda mbele. Mie nikapanda nyuma. Maalim akakaa kwenye gunia la unga, amefumba macho kwa ile harufu.

Gari likaondoka, halafu likawa haliendi. Ile foleni yote ilikuwa imetangulia mbele ya gari, imetoa madufu sijui wapi, inaimba kasida. Wanapiga hatua moja mbele, wanayumba kulia, wanayumba kushoto, ndipo wanapiga ya pili. Bwana Gulamu anapiga honi, wao wanadhani ndiyo tarumbeta. Watu wanatoka majumbani, wanajiunga. Kuna mzee alikuja kumpa Bwana Gulamu mkono wa pongezi, akidhani ndiye baba wa mtoto.

Zuhura alikuwa amenishika kidole. Hakuwa analia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, bado mbali?" Kliniki ilikuwa inaonekana. Ukitupa jiwe linafika. Na kwa mwendo ule tungefika baada ya Idi.

Nikaruka chini, nikakimbia mpaka mbele, nikasimama nimetanua mikono. Nilitaka kuwatukana, mdomo ulishafunguka. Badala yake nikasema, "Hivi nyie hamna adabu? Mtu yuko itikafu, nyie mnampigia dufu?"

Wapigaji wakagandisha mikono hewani. Wakatazamana. Mmoja akasema lahaula. Wakarudi pembeni ya barabara kwa ncha za vidole, wengine wameshika viatu mkononi, umati mzima unanyata kama wezi wa kuku, ili gari lipite. Na Bwana Gulamu akakanyaga mafuta. Tuliingia kliniki na trei mbili zikaangukia mlangoni.

Bi Hidaya hakuuliza mikate inafanya nini. Alimlaza Zuhura ubavu wa kushoto, akanyoosha mkono kuomba kipembe, na mie nikakitoa kwenye kanga yangu, tukatazamana, yaliyobaki akaniwekea kwa baadaye. Akashika kifundo cha mkono cha Zuhura. Akasikiliza. Nje umati ulikuwa umeshafika, umekaa kimya kabisa kwa ajili ya itikafu, na niwaambie, sijawahi kuona kliniki imetulia namna ile. Nadhani ukimya ule ulimsaidia.

Akainuka. Akasema moyo upo. Bi Mwanahawa akasema alhamdulillahi. Bi Hidaya akamkalisha chini kwa jicho. Upo, akasema, lakini unapiga polepole, unakawia, unarudi. Mtoto huyu anachoka. Hapa sina cha kumfanyia, aende hospitali ya mjini, sasa hivi, kwa gari hilohilo.

Ndipo Bi Mwanahawa alipoelewa. Nilimwona. Mikono ikawa inatafuta kitu cha kushika. "Kwani hafungi?" akauliza. Bi Hidaya akamvisha kanga yake vizuri, akamwambia twende mama, twende wote.

Mjini walimpasua Zuhura muda uleule. Daktari alikuta maji ya uzazi yamegeuka kijani na kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Alisema kwa Kiingereza, Bi Hidaya akatufasiria, kwamba tungekuja jioni tungekuja kuchukua maiti. Mtoto alitoka ameregea kama nguo iliyoloa. Walimkanda, wakamnyonya makamasi, wakamgeuza. Nilihesabu vigae vya ukuta, nikarudia kuvihesabu. Akapiga chafya. Kisha akalia, sauti nyembamba, ya hasira. Nilimpenda hapohapo.

Msichana.

Nesi wa pale alimtoa, amefungwa kwenye taulo, mdogo, amekonda, macho makubwa. Akamkabidhi Bi Mwanahawa, mwenye ile kanzu ya mvulana, aliyoitungua msumarini, ndani ya mkoba wake. Alimtazama yule mtoto mpaka nikaogopa. Mtoto naye hakuwa na habari, anageuza kichwa huku na huku, amefungua mdomo kama kinda, anatafuta chakula. Mama yake bado hajaamka. Nesi akaleta maji ya glukosi vuguvugu na kijiko.

Ilikuwa saa tisa mchana. Pale koridoni tulikuwa tumesimama, Maalim, Bwana Gulamu, mie na baadhi ya wale wa foleni waliofika kwa miguu, wote midomo imetukauka. Nesi akamwekea mtoto kijiko. Mtoto akameza. Akameza cha pili, cha tatu, kwa sauti, mbele ya waumini wote, bila haya. Foleni ikamgeukia Bi Mwanahawa kuona atasema nini.

Akafuta shavu kwa ukaya. Akamsogeza mtoto karibu na kijiko.

"Muacheni ale," akasema. "Katoka safari ndefu. Msafiri karuhusiwa."

Na Maalim Kombo akasema, hilo ni sahihi.